Mzimu wa Mikaratusi

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko, mbele ya gereji, pale upepo wa Sumbawanga unapokata kona na kukuingia mpaka kwenye mbavu. Benchi ni ubao uliolazwa juu ya ringi mbili za lori. Fahadi huja na birika lake na jiko la mkaa kabla jua halijachangamka, na kabla hajamaliza kupepea moto, wenyewe wa pale wameshakaa. Kuna Mzee Wilibrodi, tunayemwita Meya kwa kuwa aliwahi kugombea udiwani akaangushwa. Kuna Polikarp, ambaye ni Frateli kwa sababu alisoma seminari mpaka wakamrudisha nyumbani. Na kuna Eustaki fundi simu, ambaye ni Injinia. Wote watatu ni Wafipa wa vijijini, wamekulia kwenye mashamba ya ulezi na mahindi ndipo wakahamia mjini. Siku za kawaida ukipita hapo utadhani watu wanataka kupigana. Siku hizi ukipita utadhani kuna msiba. Watu wanakunywa kahawa wakiangalia viatu vyao, na mtu akitaja makaburi, mwingine anakumbuka kwamba ana kazi mahali.

Habari yenyewe aliileta Injinia.

– Kuna sauti kule makaburi ya Mikaratusi, – alisema asubuhi ile, akipuliza kikombe. – Kijana wa bodaboda kaniletea simu imepasuka kioo. Namuuliza imekuwaje, anasema kaiangusha akikimbia. Alikuwa anakatisha makaburini, mchana, akasikia mwanamke anaongea chini ya ardhi.

– Chini ya ardhi au chini ya mti? – Fahadi aliuliza.

– Ardhi. Kaapa.

– Vijana wa bodaboda na viapo vyao, – alisema Frateli.

Meya alikohoa kidogo, kama afanyavyo akitaka watu wamgeukie.

– Msicheke. Pale wamelala watu wa zamani sana. Wengine walizikwa bila kufanyiwa mila yoyote. Mtu wa namna hiyo hatulii.

– Mzee, si makaburi mapya yale? Mimi nakumbuka yanafunguliwa.

– Makaburi ni mapya, Fahadi. Ardhi ni ya zamani.

Hapo hapakuwa na wa kumbishia. Injinia akasema dawa ni kwenda kuongea na hicho kitu, kukiuliza shida yake. Simu yake inarekodi vizuri, hata nzi akipita inamnasa. Frateli akasema Kanisa halitaki watu waongee na wafu.

– Hatuongei sisi. Tunauliza tu, halafu tunasikiliza.

Frateli alifikiri.

– Kusikiliza sijakuta mahali kumekatazwa, – alisema. – Nitabeba maji ya baraka.

– Na mimi nitabeba unga wa ulezi, – alisema Meya. – Kama ni wa kwetu, ataujua.

Basi wakaenda, mchana baada ya kula, watu wazima watatu wamevaa makoti, wakipanda kilima kama wanaokwenda kuposa. Kule juu majani yalikuwa yamesimama mpaka kiunoni, mvua zilikuwa zimeisha karibuni na hakuna aliyekuwa amefyeka. Mikaratusi ilikuwa inavuma. Injinia akawasha simu yake. Hawakuwa wamefika hata katikati, wakaisikia.

Sauti ya mwanamke. Ya chini, ya taratibu, kama mtu anayeongea peke yake akipika. Ilikuwa inatoka huko kwenye majani na hakuonekana mtu. Walisimama wakasikiliza kitambo kizuri. Frateli alikuwa ameshika chupa ya maji ya baraka kwa mikono miwili. Meya alifungua mfuko wa unga, akaufunga tena.

– Muulize, – Injinia alinong'ona.

– Muulize wewe.

– Wewe ndiye Frateli.

Frateli akapandisha sauti, ile ya kusomea masomo kanisani.

– Wewe uliye humo ndani. Kwa jina la Bwana, sema unataka nini.

Ile sauti ya chini ikanyamaza. Upepo ukapita. Kisha ikajibu, kwa Kiswahili, bila haraka:

– Nataka mniache na mwanangu.

Walikimbia. Meya, ambaye kupanda ngazi za benki humchukua muda, alifika barabarani wa kwanza. Frateli aliangukia msalaba wa mbao ukalala chini, na hakurudi kuuinua. Chupa ya maji ya baraka iko huko mpaka leo.

Kesho yake kijiwe kilijaa. Watu walitoka gerejini na mikono ya grisi, watu walitoka sokoni, wakasimama kuzunguka benchi, na Injinia akaicheza ile klipu tena na tena. Kwanza unasikia upepo, kisha ile sauti ya chini inaongea kwa muda, kisha Frateli anauliza, kisha jibu, kisha miguu inakimbia na mtu mmoja anamwita mama yake.

– Aliyeita mama ni nani? – Fahadi aliuliza.

– Hilo si muhimu, – alisema Meya.

– Mimi nawaambia kitaalamu, – alianza Injinia. – Pale juu wameweka mnara wa simu. Mtu akifa simu yake ikiwa hewani, sauti yake haina pa kwenda. Inazunguka. Siku mnara ukipata nguvu, inashuka.

– Mnara haujibu maswali, – alisema Frateli. – Huyu kajibu. Hii ni roho ya toharani. Ni mama aliyekufa kabla mtoto hajabatizwa, sasa wamegawanywa, yeye huku mtoto kule. Na haya maneno ya mwanzo, mkisikiliza vizuri, ni Kilatini.

– Kilatini? – aliuliza mtu wa nyuma.

– Kuna neno pale nimelisikia seminari.

Wote wakamgeukia Meya. Meya alikuwa amemaliza kahawa yake lakini alikunywa tena kikombe kitupu.

– Si Kilatini, – alisema. – Ni Kifipa. Lakini si hiki chetu. Ni Kifipa cha kale, cha kabla ya wamisionari, walichokuwa wakisema wakubwa wa nchi hii. Hata mimi naambulia neno moja moja.

– Anasemaje, mzee?

– Huyu ni mke wa mtawala wa zamani. Alizikwa pale na mtoto wake akiwa hai. Sasa mtoto amepotea humo chini na yeye anamdai.

– Anamdai nani?

Meya aliangalia ule umati. Nilimwona akiuangalia. Tangu siku ya kura zake hakuwahi kusikilizwa na watu wengi vile.

– Yeyote, – alisema. – Akikosa wake atachukua wa mtu.

Jioni hiyo klipu ilikuwa kwenye magrupu yote ya mji. Waliituma walioisikia kwa wasioisikia, na kila aliyeituma aliongeza maneno yake juu. Kufika katikati ya wiki wazazi wa upande ule walikuwa wanawasindikiza watoto shuleni kwa kuzungukia barabara kubwa. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni alisimama mbele ya benchi.

– Shikamoo, baba. Eti ni kweli kile kitu kinataka watoto?

– Marahaba. Mimi sikusema hivyo hasa, mama.

– Lakini ni wewe uliyesema?

– Nilisema ni vizuri kuwa na tahadhari.

Yule mama alivuta khanga akamfunika mtoto kichwa, akaondoka karibu anakimbia. Frateli alimwangalia mpaka akapotea, kisha akasema labda tungepunguza. Hakuna aliyemuuliza tupunguze nini.

Siku ya gulio Fahadi alichelewa. Tulimwona anakuja mbio bila birika.

– Wameukamata, – alisema.

– Wamekamata nini?

– Mzimu. Uko kwa mwenyekiti wa mtaa. – Alivuta pumzi. – Umevaa sweta.

Tulikwenda wote. Uwanja wa mwenyekiti ulikuwa umejaa vijana wenye fimbo, wengi wao wa bodaboda, wameziacha pikipiki nje zikiwa zinanguruma. Katikati, kwenye ngazi ya mlango, alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, ameshikilia pembe ya khanga kwenye paji la uso, na khanga imelowa damu. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine hauna. Pembeni yake kikapu kilikuwa kimepinduka, unga wa ulezi umemwagika, watu wanaukanyaga.

– Tumemkuta amejificha kwenye majani, – kijana mmoja alikuwa akieleza. – Anaongea peke yake. Tumemrushia mawe ndipo akatoka.

– Wewe mama ni mchawi? – sauti ilitoka nyuma. – Watoto wetu unawatakia nini?

Mwanamke aliinamia kikapu chake. Alikuwa anautazama unga wake.

Aliyemwokoa ni Avelina, anayekaa jirani na makaburi na kuuza mboga pale njiani. Alipita katikati ya fimbo akiwa na beseni kichwani, akalitua chini.

– Nyie mmechanganyikiwa? Huyu ni Dominika, mama yake Kelvin, wa kutoka kijiji cha Mwazye. Kelvin aliyepata ajali barabara ya Kasanga mwaka jana. Si alizikwa hapo makaburini? Huyu kila akileta ulezi gulioni hupitia kwa mwanawe, anamng'olea majani na kumpa habari za nyumbani. Mimi ndiye humpa maji ya kunywa.

– Kelvin yupi? – aliuliza yule kijana aliyekuwa anaeleza.

– Wa bodaboda. Mwenye helmeti nyekundu.

Kijana aliiangalia fimbo yake. Aliiweka chini polepole, akaegemea ukuta, na baada ya hapo hakumtazama mtu. Wengine walianza kutoka mmoja mmoja. Zile pikipiki zikazimwa, watu wakazisukuma kwa mkono mpaka mbali ndipo wakaziwasha.

Mwenyekiti alimletea Dominika maji. Kisha akauliza, na wakati huo uwanja ulikuwa umebaki na watu wachache:

– Mama, hii sauti inayozunguka kwenye simu, ni yako?

– Ni yangu.

– Ilikuwaje?

– Nilikuwa kwa mwanangu, – alisema Dominika. – Walikuja watu. Waliniuliza nataka nini, nikawajibu. Wakakimbia.

– Ni akina nani?

– Sikuwaona. Nilikuwa nimepiga magoti. Nilipoinuka nikakuta msalaba wa jirani yake umeangushwa.

Mwenyekiti aligeuka akatuangalia sisi tuliobaki.

– Nani alirekodi hii kitu?

Injinia alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia mkono wake unaingia mfukoni, na simu inazimwa, ule mlio mdogo wa kuaga. Frateli aliangalia juu kama anayetafuta mvua. Meya alikuwa ameshika kofia yake kifuani. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake, mwenyekiti akachoka kusubiri.

– Basi mama, – alisema, – kwa usalama wako, kwa sasa usiende tena pale. Mpaka maneno haya yaishe.

– Yataisha lini?

– Hilo siwezi kujua.

Avelina alimsaidia kukusanya unga uliobaki juu, ule usiokanyagwa. Alimpa kandambili zake, yeye akabaki peku. Tuliwaona wanashuka kuelekea stendi ya magari ya Mwazye, polepole, mmoja amemshika mwenzake kiwiko. Walipita karibu nasi kiasi cha kuweza kusalimiana. Hatukusalimiana.

Tangu hapo ndipo kijiwe kikawa hivi. Asubuhi ya juzi Fahadi alimimina kahawa akazunguka nayo.

– Mimi niliituma kwa mtu mmoja tu, – Injinia alisema ghafla. – Kwa shemeji yangu. Nyie mkiisikia kwingine mjue si mimi.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

– Na mimi nilisema tangu mwanzo Kanisa halitaki, – alisema Frateli.

– Ulisema, halafu ukabeba maji ya baraka, – alisema Injinia.

– Kujikinga.

– Ule msalaba umeuinua?

Frateli alikunja mikono ndani ya koti.

– Nitaenda.

– Nenda leo.

– Nikionekana kule leo watajua.

Fahadi alikuwa akipanga vikombe. Baba yake alikuja na biashara kutoka Ujiji, na ingawa kazaliwa hapa hapa, Kifipa hakukijua kabisa. Alimgeukia Meya.

– Mzee, yule mama kakulia Mwazye. Sasa Kifipa cha kale kakitoa wapi?

– Fahadi, nipe kahawa.

– Kikombe chako kimejaa, mzee.

Meya akakinywa kama adhabu.

Basi tukiwa hivyo, alifika mtu tusiyemjua. Lori lake lilikuwa limeingizwa gerejini na dagaa wa Kirando, springi imekatika, na mafundi walikuwa wamemwambia asubiri. Mtu mpana, mpole, koti la mvua juu ya ovaroli. Alisema anaitwa Timoth, anatokea Njombe, huku Rukwa ni safari yake ya kwanza.

– Shikamooni, wazee. Naomba kahawa na nafasi.

Walisogea, akakaa. Alikunywa, akasifu tangawizi, akalalamikia barabara. Kisha akatoa simu.

– Samahani. Kirando nilitumiwa kitu, wanasema kimetokea hapa kwenu Sumbawanga. Pengine nyie wenyeji mnakijua.

Kabla mtu hajasema neno, aliicheza. Upepo kwanza. Kisha ile sauti ya chini, ya taratibu. Injinia alinyoosha mkono kama wa kuizuia, akaishia kukuna goti. Ikaenda mpaka mwisho, mpaka kwenye miguu inayokimbia na yule anayemwita mama yake. Timoth alicheka kidogo hapo, akaona yuko peke yake, akaacha.

– Hii ya mwisho ni Kiswahili, nimeielewa, – alisema. – Lakini huku mwanzo anaongea muda mrefu. Anasema nini?

Fahadi aliacha kupanga vikombe.

– Ni lugha ya huku, au?

Frateli aliangalia chini. Injinia aliangalia chini. Fahadi ndiye aliyemtazama Meya, naye hakuondoa macho.

– Irudishe mwanzo, – Meya alisema hatimaye.

Timoth akairudisha. Meya aliinama karibu na simu, akaanza kusema nyuma ya ile sauti, sentensi kwa sentensi, kwa sauti yake ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia.

– Anasema, mwanangu, nimefika. Anasema, mwaka huu ulezi umekubali, tumejaza ghala, ungekuwepo ungechoka kupura. Anasema, dada yako amejifungua wa kike, mzima. Anasema mbuzi wako mweupe tumemuuza, usikasirike, tulihitaji bati. – Alisita. – Anasema, huku kuna baridi, najua hupendi baridi, nikija tena nitakaa zaidi. Kisha ndipo mtu anauliza.

Timoth alizima simu akaishika mapajani.

– Lakini huyu ni mama anaongea na mwanawe, – alisema.

– Ndiyo.

– Na hiki Kifipa ni kigumu sana, eti? Cha ndani?

– Hapana, – alisema Meya. – Ni cha nyumbani. Cha kila siku.

– Waliorekodi hawakukielewa?

Meya alimtazama Frateli, akamtazama Injinia. Hakuna aliyemsaidia.

– Walikielewa, – alisema. – Wote ni Wafipa. Walisimama pale wakasikia kila neno.

Timoth alitulia na kikombe chake, akifikiri. Hakuwa na ubaya. Alikuwa mtu anayetaka kuelewa jambo kabla hajaendelea na safari.

– Sasa, wazee, – alisema, – mzimu waliutoa wapi?

Fundi wa gereji aliita kwamba lori liko tayari. Timoth hakuinuka, alisubiri, akimwangalia mmoja baada ya mwingine. Fahadi alichukua birika amwongezee kahawa, akaliinamisha, likatoa machicha.